Kuziba tundu kwenye ukuta wa jipsamu hadi kiraka kisionekane

Ukuta wa nyumba nyingi za Marekani na Kanada ukiugonga kwa kidole unalia kama ngoma. Hamna tofali ndani, wala lipu ya saruji. Kuna nguzo nyembamba za mbao zilizosimamishwa kila baada ya inchi 16, yaani kama sentimita 40 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na juu yake imepigwa bodi ya jipsamu yenye unene wa nusu inchi, milimita 12.7 tu. Katikati ya nguzo na nguzo ni uwazi. Ndiyo maana mlango ukisukumwa na upepo, kitasa kinaingia ukutani na kuacha tundu la duara, na ndiyo maana mtoto akianguka na kiti kinyumenyume ukuta unabonyea. Kwetu Afrika Mashariki bodi hizi tunazijua zaidi kama dari, au kama ukuta wa kugawa ofisi. Kule zimezunguka maisha yote ya nyumbani, na mpangaji anayetaka kuhama na kurudishiwa amana yake kamili hana budi kujua kuzitengeneza.

Kazi yenyewe ni rahisi kujifunza. Kinachowashinda wengi ni kudhani kwamba kazi ni kujaza tundu. Kujaza tundu kunachukua dakika tano. Kazi kubwa ni kile kinachobaki juu ya ukuta baada ya tundu kujaa: kivimbe. Kila kiraka kinaongeza unene kidogo, milimita moja au moja na nusu, na jicho la binadamu ni kali ajabu katika kuona kivimbe cha unene huo iwapo kinaishia ghafla. Kivimbe hichohicho ukikitandaza hadi kife taratibu umbali wa sentimita 25 au 30 kila upande, jicho halikioni tena. Hesabu ndiyo hiyo. Anayeziba tundu la sentimita 8 kwa puti, yaani uji mzito wa kuzibia, ya upana wa sentimita 12 atakiona kiraka chake kila jioni taa ikiwashwa, hata angepaka rangi mara kumi.

Jambo la pili la kulishika tangu mwanzo ni jinsi bodi ilivyo. Jipsamu ni madini ya chokaa na salfa yaliyobeba maji ndani ya chembe zake. Karibu asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa humo. Ukiichoma, sehemu kubwa ya maji hayo inatoka na unapata unga. Ukiurudishia unga maji, unashika na kuwa jiwe tena. Mwaka 1894 Augustine Sackett alipata hataza Marekani ya bodi iliyotengenezwa kwa matabaka ya plasta na karatasi, na bodi ya leo ni mjukuu wake: jipsamu katikati, karatasi pande zote mbili. Jipsamu peke yake unaivunja kwa vidole kama kipande cha chaki. Nguvu ya bodi iko kwenye karatasi. Kwa hiyo kila tundu ni karatasi iliyokatika, na kila ukarabati unaodumu ni ule unaorudisha karatasi, au kitu cha kufanya kazi ya karatasi, juu ya palipokatika. Ukijaza puti bila tepu juu ya ufa, ufa utarudi.

Kabla ya kukata chochote

Jiulize kwanza tundu limetoka wapi. Kama ni kitasa, weka kizuizi cha mlango kabla hujaziba, cha kufungia sakafuni au kwenye bawaba, la sivyo utaziba tena baada ya wiki mbili. Kama ukuta umelowa, umevimba au una madoa ya rangi ya chai, tafuta bomba au paa linalovuja. Bodi iliyolowa ikalegea hairudi katika hali yake. Inakatwa yote hadi ufikie sehemu kavu na ngumu, na huko nyuma kuachwe wazi hadi mbao zikauke. Kufungia unyevu nyuma ya kiraka kizuri ni kufuga kuvu.

Kisha jiulize nyumba ilijengwa mwaka gani. Hapa naomba usifanye haraka. Marekani ilipiga marufuku puti za kuziba zenye asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, mwaka 1977, na rangi yenye madini ya risasi kwa ajili ya nyumba za kuishi mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo, au hata miaka michache baadaye kwa kutumia vifaa vilivyobaki dukani, inaweza kuwa na vitu hivyo kwenye viungo vya bodi, kwenye rangi za chini, na kwenye zile dari zenye chengachenga kama bisi. Ukikuta nyumba ya umri huo, usikate wala usipige msasa kabla ya kupeleka kipande kidogo maabara kupimwa. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba. Huo si mzigo wa mpangaji.

Mwisho, nyuma ya tundu kuna nini? Juu na chini ya soketi na swichi kwa kawaida hupita waya uliosimama wima kandokando ya nguzo, na karibu na jikoni na bafu hupita mabomba. Zima sakiti breka ya chumba hicho, pima soketi kuhakikisha umeme umekatika kweli, halafu ingiza tochi na utazame. Unapokata kwa msumeno mdogo wa ncha, usiuzamishe zaidi ya unene wa bodi. Kutafuta nguzo hakuhitaji kifaa cha gharama: sumaku ndogo ukiipitisha taratibu ukutani itanasa kwenye vichwa vya skrubu, na safu ya skrubu zilizopangana wima ndiyo nguzo.

Puti za aina mbili, na kwa nini uzijue zote

Dukani utakuta ndoo na mifuko. Ya ndoo imeshachanganywa, ni laini, ni tamu kufanyia kazi, na inakauka kwa maji yake kupotea hewani. Ya mfuko ni unga unaochanganya na maji, na yenyewe haikauki tu bali inashika, kama saruji inavyoshika, kwa sababu ndani yake kuna ile jipsamu iliyochomwa inayonywa maji na kugeuka jiwe. Juu ya mfuko huandikwa namba: 20, 45, 90. Hizo ni dakika, kwa makadirio, hadi ishike.

Tofauti hii si ya jina. Puti ya ndoo inasinyaa inapokauka kwa sababu maji yaliyokuwa na nafasi yameondoka. Ukiijaza kwenye tundu lenye kina itapasuka kama matope ya bwawa wakati wa kiangazi, na itachukua siku mbili au tatu kukauka hadi ndani. Ya unga inasinyaa kidogo sana na inakuwa ngumu, kwa hiyo ndiyo ya kujazia, ya kushikiza tepu, na ya kuwahi muda. Ubaya wake ni ule ugumu: kuipiga msasa ni mateso. Njia ninayoipendekeza kwa mtu wa nyumbani ni kutumia zote mbili, mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, kwa unga wa dakika 45, na mikono ya juu kwa puti ya ndoo nyepesi inayokubali msasa. Namba 20 waachie mafundi. Ukishachanganya, ukaitandaza, ukatafuta skrepa uliyoiweka pasipojulikana, imeshika ndooni.

Katika kuchanganya, maji hutangulia na unga hufuata, si kinyume chake, maana unga ukikaa chini unaacha madonge makavu. Kwa tundu la ukubwa wa kiganja, anza na nusu kikombe cha maji safi ya baridi na uongeze unga takriban kikombe kimoja, ukikoroga, hadi ufikie uzito wa uji mzito unaokaa juu ya skrepa bila kudondoka. Acha dakika moja au mbili inywe, koroga tena. Ndoo na skrepa lazima ziwe safi kabisa. Mabaki ya puti iliyoshika jana yakiingia kwenye mchanganyiko mpya yanaharakisha kushika, kwa kuwa chembe za jipsamu zilizokwisha kukomaa zinakuwa mbegu ambayo chembe mpya zinajengekea. Maji ya moto nayo yanaharakisha. Na puti ikianza kushika usiiongezee maji ili kuilainisha. Itaonekana laini lakini itakuwa dhaifu na kumomonyoka. Itupe, changanya nyingine.

Itupe kwenye taka, si kwenye sinki. Puti ya unga inashika hata chini ya maji, na bomba lililozibwa kwa jipsamu halizibuliwi kwa dawa.

Matundu madogo

Tundu la msumari halihitaji tepu wala unga. Linahitaji jambo moja tu ambalo wengi hulisahau: kuzunguka tundu kuna mdomo wa karatasi uliosukumwa nje msumari ulipotolewa. Usipouondoa, puti itakaa juu ya mdomo huo na utabaki na kichuguu. Ubonyeze kwa kitako cha bisibisi hadi pawe na kibonde kidogo, jaza, futa, subiri, rudia mara moja kwa sababu itanywea. Plagi ya plastiki iliyoshikilia skrubu usiivute kwa koleo, itatoka na bonge la ukuta. Kata mdomo wake kwa kisu cha wembe kisha isukume iingie ndani, ianguke huko nyuma. Dawa ya meno na sabuni ya mche, ambazo watu hupeana kama siri ya wapangaji, hazishiki rangi na hubadilika rangi baadaye. Kopo dogo la puti nyepesi halina bei ya kukufanya udanganye.

Tundu la kitasa

Hili ndilo linalowakuta wengi, duara la sentimita 6 hadi 10, na hapa kuna njia mbili zenye thamani.

Ya kwanza ni kiraka cha dukani, kipande cha wavu wa alumini chenye gundi na wavu wa nyuzi juu yake. Unasafisha kingo, unakibandika, unapaka puti. Ni cha haraka na kinatosha kwa tundu dogo, lakini kinakaa juu ya ukuta, kwa hiyo kivimbe chake ni kikubwa na lazima ukitandaze mbali zaidi. Watu hukinunua kwa kuwa ni rahisi, kisha wanapaka puti kwa upana wa kiraka tu, na mraba unaonekana kana kwamba ni picha iliyotundikwa chini ya rangi.

Ya pili ndiyo ninayoipenda, na inahitaji kipande cha bodi tu. Kata tundu liwe mraba wenye kingo zilizonyooka, tuseme sentimita 8 kwa 8. Chukua kipande cha bodi cha unene uleule, ukate sentimita 13 kwa 13. Kigeuze. Upande wa nyuma, ule wa karatasi ya kahawia, chora katikati mraba mdogo kuliko tundu kwa milimita 2 au 3. Kata mistari hiyo kwa kisu, lakini karatasi na jipsamu tu, usiifikie karatasi ya mbele. Vunja kingo kuelekea kwako na uzibandue taratibu, ukiacha karatasi ya mbele ikining'inia pande zote kama pindo la shuka, sentimita mbili na nusu hivi. Sasa una kizibo chenye tepu yake mwenyewe. Jaribu kama kinaingia bila kulazimishwa. Paka puti ya unga kuzunguka tundu, tabaka jembamba la upana wa sentimita 3 au 4 na kidogo kwenye kingo za ndani, ingiza kizibo, kisha pitisha skrepa juu ya pindo la karatasi kutoka katikati kwenda nje hadi puti ya ziada ichuruzike kando.

Kosa la hapa ni kukamua kupita kiasi. Karatasi isiyo na puti ya kutosha chini yake inakauka ikiwa na malengelenge, na lengelenge halizibwi kwa kulipaka juu; lazima likatwe kwa kisu na kuanzwa upya. Lipo pia kosa la kinyume, la kuacha puti nene chini ya karatasi ili kuwa na uhakika. Hiyo inakuletea mwinuko ambao utaubeba hadi mwisho. Kipimo cha wastani ni kuona karatasi imelala kabisa, ikiwa na unyevu wa puti uliosambaa sawasawa chini yake, bila sehemu kavu na bila sehemu inayocheza ukiibonyeza.

Tundu kubwa

Kuanzia sentimita 15 hivi kwenda juu, kiraka kinahitaji kitu cha kukishika kwa nyuma. Kata tundu liwe mstatili. Chukua vipande viwili vya mbao nyembamba, unene wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, na urefu unaozidi tundu kwa sentimita 15. Ingiza kimoja ndani, kisimamishe nyuma ya ukingo wa kushoto, nusu ya upana wake ikiwa imejificha nyuma ya ukuta na nusu ikichungulia, ukivute kuelekea kwako kwa mkono na upige skrubu kupitia ukuta wa zamani, mbili juu na mbili chini. Fanya hivyo upande wa kulia. Skrubu ni zile za jipsamu zenye meno mapana, za inchi moja na robo, milimita 32. Kisha kata bodi mpya ndogo kuliko tundu kwa milimita 3 kila upande, iweke, piga skrubu nne.

Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu chini ya usawa wa karatasi bila kuitoboa. Kikiitoboa, hakishiki chochote, kwa sababu kama nilivyosema jipsamu peke yake ni chaki. Usiing'oe skrubu hiyo kwa hasira. Piga nyingine sentimita 4 pembeni.

Tundu likikaribia upana wa kutoka nguzo hadi nguzo, acha ubao wa nyuma na ukate bodi ya zamani hadi katikati ya nguzo mbili zinazopakana, ili kiraka kipigwe kwenye nguzo zenyewe. Na popote ulipo, angalia unene. Bodi ya nusu inchi kwenye ukuta wa inchi tano ya nane (5/8), yaani karibu milimita 16, itazama. Kinyume chake itajitokeza. Kuta kati ya nyumba na gereji, na kati ya fleti na fleti, mara nyingi ni inchi tano ya nane za aina inayostahimili moto, zenye nyuzi za kioo ndani. Moto unapoupiga ukuta, maji yale yaliyofungwa kwenye jipsamu hugeuka mvuke na kuchelewesha joto kupita upande wa pili. Dakika hizo ndizo za watu kutoka nje. Kuta hizo zizibwe kwa bodi ya aina hiyohiyo, isiwe wavu na puti.

Kabla ya tepu, chukua kisu ukate kona ya karatasi kwenye kingo zote kwa mshazari, ya ukuta na ya kiraka, upate mfereji mdogo. Ukingo wa karatasi uliochanika nje huwa unainuka ukipata unyevu na kusumbua hadi mwisho. Nafasi yoyote inayozidi milimita 3 ijaze kwanza kwa puti ya unga na uiache ishike, ndipo uweke tepu.

Tepu nazo ni mbili. Ya karatasi haina gundi, inazamishwa kwenye puti mbichi, haivutiki, na ndiyo yenye nguvu. Ya wavu wa nyuzi ina gundi, inabandikwa kavu na puti inapita juu. Anayeanza huvutiwa na wavu kwa kuwa hauleti malengelenge, na ni sawa kuutumia, ila mkono wa kwanza juu yake uwe wa puti ya unga. Wavu una unyumbufu, na puti ya ndoo juu yake ni laini mno kuuzuia usicheze. Baada ya majira moja ya baridi, mbao zikisinyaa, ufa unachora mstari palepale.

Mikono mitatu

Mkono wa kwanza unalaza tepu, kwa skrepa ya sentimita 15. Wa pili ni wa skrepa ya 25, wa tatu ni wa 30. Kila mmoja unauzidi uliotangulia kwa upana, sentimita 5 hadi 8 zaidi kila upande, na kila mmoja ni mwembamba. Kiraka cha sentimita 20 kitaishia kuwa na eneo la puti la karibu sentimita 70. Watu hushtuka wakiona hivyo na kudhani wameharibu. Wala hujaharibu kitu.

Siri ya mkono unaokufa vizuri iko kwenye shinikizo. Kandamiza ule upande wa skrepa ulio mbali na kiraka, uguse ukuta kabisa, na uachie kidogo ule wa karibu. Hivyo puti inabaki na unene kuelekea katikati na kuisha kabisa pembeni. Pita mara moja au mbili, uache. Mtu akirudiarudia kufuta mstari mmoja mdogo anachora mingine mitatu. Mstari mdogo unaondoka kwa msasa au kwa mkono unaofuata.

Kati ya mkono na mkono puti ya ndoo inataka kama saa 24, na zaidi hali ya hewa ikiwa ya unyevu. Iliyokauka ni nyeupe pote. Penye kijivu pana maji. Ukigusa kwa mgongo wa kiganja pakawa pa baridi kuliko ukuta wa jirani, bado. Ukipaka juu ya mbichi, ya chini itaendelea kusinyaa baadaye na kuacha bonde ambalo hukulitarajia. Chumba kiwe na joto la kutosha pia, kuanzia nyuzi 13 za Selsiasi. Puti ya unga iliyoshika unaweza kuipaka juu hata kabla haijakauka, na hapo ndipo inapookoa siku nzima, lakini rangi isubiri ikauke kweli.

Ukipima, laza ubavu wa skrepa ndefu juu ya kiraka. Ikicheza huku na huku, katikati pana mwinuko, panua zaidi. Ukiona mwanga chini yake katikati, pana bonde, ongeza. Halafu zima taa ya chumba na uiweke tochi bapa ukutani, mwanga upite sambamba. Kila dosari itatupa kivuli chake. Afadhali uione sasa, wakati dawa yake ni puti kidogo.

Msasa uwe wa namba 120 au 150, na wa kumalizia 220, mkono ukiwa mwepesi. Ukisugua hadi karatasi ya ukuta itoe manyoya, umepita; manyoya hayo yakipata rangi yanasimama na kubaki. Vumbi la puti ni laini sana na baadhi ya puti zina silika, kwa hiyo vaa barakoa ya N95, funga matundu ya kiyoyozi na yanayopitisha joto kwa karatasi ya plastiki, na usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi kwani itaziba na kulipumua chumba kizima. Kwa kiraka kimoja, sponji yenye maji iliyokamuliwa vizuri inatosha: inalainisha juu na kufuta kingo bila vumbi lolote.

Karatasi iliyochanika, nyufa na misumari inayochungulia

Ukibandua kioo au gundi ya mapambo, karatasi ya juu inachanika na kuacha ile ya kahawia ndani. Ukiipaka puti moja kwa moja, maji yanaingia, karatasi inavimba, na unapata malengelenge juu ya kipande kizima. Kata kingo zote zilizolegea kwa kisu hadi ufike penye kushika, kisha paka praima (rangi ya chini) ya kufungia, ya mafuta au ya sheleki, aina ya utomvu unaokauka haraka, si ya maji. Ikikauka, ndipo puti.

Nyufa zinazotoka kwenye kona za milango na madirisha ni za ukuta unaocheza. Zikate ziwe mfereji, jaza, weka tepu ya karatasi, kama kiungo kingine chochote.

Kivimbe cha duara kidogo chenye kichwa cha msumari kinachochungulia kinatokana na mbao iliyokauka na kusinyaa, bodi ikabaki na nafasi nyuma. Kuugonga msumari urudi ndani ni kujidanganya. Sukuma bodi kwa kiganja ishikane na nguzo, piga skrubu sentimita 4 juu ya msumari na nyingine sentimita 4 chini, kisha uutoe ule msumari na uzibe matundu matatu.

Dari za Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko nyumbani zinafuata kanuni hizihizi, isipokuwa bodi ni za milimita 9 au 12, za mita 1.2 kwa 2.4, na mara nyingi zimefungwa kwenye fremu za chuma, kwa hiyo skrubu ni zile za meno ya karibukaribu. Unga wa jipsamu unaouzwa kwa kilo madukani unashika haraka mno katika joto la pwani, changanya kidogokidogo. Na kwenye dari chanzo cha tundu karibu kila mara ni bati linalovuja, hivyo safari ya kwanza ni ya kwenda juu ya paa.

Rangi

Puti inanywa rangi kuliko karatasi iliyokwisha kupakwa. Ukipaka rangi bila praima, hata kiraka kilichonyooka kama kioo kitaonekana kama doa lisilong'aa, hasa ukikitazama kwa pembeni. Praima ya kawaida ya jipsamu inatosha kwa puti mpya. Kwa doa la maji hutakiwa ile ya mafuta au sheleki, vinginevyo rangi ya chai itapenya mkono baada ya mkono.

Tumia rola, hata kwa sehemu ndogo, kwa sababu ukuta ulipakwa kwa rola na una vinyweleo vyake. Brashi inaacha michirizi ambayo haifanani. Kuta nyingi za Marekani zimenyunyiziwa mchoro unaofanana na ganda la chungwa, na hapo utahitaji kopo la kupulizia mchoro huo, ulijaribu kwanza kwenye kipande cha boksi hadi ukubwa wa matone ufanane, kisha ndipo ukutani, kabla ya praima. Na rangi ileile ya kopo la miaka mitatu iliyopita haifanani tena na ukuta, maana jua na moshi wa jikoni vimeibadilisha. Paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Kona huficha tofauti ya rangi. Katikati ya ukuta hakuna cha kuificha.

Puti ya ndoo iliyobaki isawazishe juu, futa kabisa ile iliyoganda kwenye kuta za ndoo maana ikidondokea ndani itachora mistari kazi ijayo, laza karatasi ya plastiki juu yake iiguse, funga kifuniko, na uiweke mahali pasipofikiwa na baridi ya kugandisha. Skrepa zioshe kwenye ndoo ya maji, usiku maji yatulie, asubuhi umwage ya juu nje na ukwangue machujo uyatie kwenye mfuko wa taka. Zikaushe papo hapo, kwani skrepa ikipata kutu au pengo dogo kwenye makali yake, kila mkono utakaoupiga utakuwa na mstari.